Barua kwa mwanangu, juu ya jina ulilompa mtoto

Ujiji, Kigoma

Mwanangu, mziwanda wangu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Shangazi yako anakusalimu sana, anasema usiache uji wa pilipili manga na usiguse maji ya baridi mpaka arobaini itimie. Miembe imezaa kupita kiasi mwaka huu, maembe yanaoza chini na watoto wa mtaani hawayatazami tena. Mimi ni magoti tu.

Ujumbe wako niliupata Ijumaa nikitoka msikitini. Miwani sikuwa nayo, nikampa simu kijana wa jirani anisomee. Akasoma: umejifungua salama, mtoto wa kike, kilo 3.2, na jina umempa la mama yako. Nikamwambia asome tena. Akasoma. Nikamwambia arudie pale pa kilo. Akanitazama kama mtu anayemtazama mzee aliyeanza kupotea. Angejuaje? Nyumbani kwetu habari ya mtu haikamiliki mpaka uzito wake utajwe, na aliyetuzoesha hivyo ndiye huyo uliyemrithisha mtoto jina lake.

Ningeweza kupiga simu. Nimeanza mara mbili, nikakata. Kwenye simu wewe utalia, nami nitalia, na salio litaisha kabla sijafika ninapotaka kufika. Kuna jambo limekaa kifuani mwangu tangu 2018. Sasa jina limepata mtu wa kulibeba, na sitaki alibebe na deni ambalo silo lake. Nivumilie, nitafika. Mzee hapiti njia ya mkato.

Unajua kwamba mama yako alizaliwa Kalya, huko kusini, akaja Kigoma na meli ya Liemba akiwa na miaka 7. Hilo alikusimulia mwenyewe: kule meli haikuwa inafika ufukweni, inasimama majini, mitumbwi inaifuata, na watu, magunia na mbuzi wanavutwa ndani kwa mlango wa ubavuni. Yeye alivutwa kwa mkono mmoja, kandambili moja ikadondoka ziwani. "Mguu wangu mmoja bado uko Kalya," alikuwa akisema. Ambalo huenda hakukusimulia ni namna tulivyokutana, kwa sababu katika kisa hicho mkosaji ni mimi, na mama yako alikuwa mtu wa kunistahi mbele ya watoto.

Ilikuwa 1987. Nilikuwa karani kwenye ghala moja la mizigo jirani na stesheni, jina lake halina haja. Kazi yangu ilikuwa kupima, kuandika na kutoza. Akaja binti na magunia sita ya dagaa wa kwenda Tabora. Nikapandisha gunia la kwanza kwenye mizani ya chini, ile kubwa ya mawe. Nikasoma: kilo 41. Akasema, "Thelathini na nane." Nikamwambia dada, mizani ndiyo hii. Akasema, "Mizani yako ina njaa, kaka." Vibarua wakacheka. Mimi nikakaza, maana mbele ya vibarua karani hashindwi na muuza dagaa. Basi akavua kandambili, akakunja khanga, akashusha gunia lake na kupanda mwenyewe. "Jana nimepimwa zahanati, nina kilo 52. Soma."

Ilisema 55.

Sikuwa na la kusema. Tajiri wa ghala alitoka ofisini, akaona msichana amesimama juu ya mizani kama nabii juu ya mimbari, akauliza kuna nini. Mizani ile ilikuwa ikila kilo tatu za kila mtu, sijui kwa miaka mingapi, nami nilikuwa naandika tu. Ikatengenezwa siku ileile. Wiki ya pili nikamtuma shangazi yako akaulizie kwao.

Alipopewa mahari yake, wenzake walitegemea atanunua vitenge. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye mizani ya kuning'iniza, ya kilo 25, yenye uso wa duara na ndoano chini. Aliitundika kwenye tawi pale mwaloni Kibirizi, ufukweni mitumbwi ya dagaa inapogota, na tangu siku hiyo mpaka anazikwa hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mama Mizani. Wewe ulipoanza shule ya msingi uliulizwa jina la mama ukajibu Mama Mizani, mwalimu akaandika hivyohivyo. Ilitupasa kwenda kurekebisha.

Nataka mtoto aje ajue kazi aliyokuwa akiifanya mwenye jina, kwa sababu huko Dodoma dagaa wanafika ndani ya mfuko na mtu anaweza kudhani wameota humo. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawaendi, taa haina maana mbele ya mbalamwezi. Mwezi ukiondoka, giza likirudi, ndipo ziwa linawaka karabai mpaka unadhani kuna mji wa pili juu ya maji. Saa kumi na moja alfajiri mama yako alikuwa tayari ufukweni na ndoo na daftari la kaunta, khanga moja kiunoni, nyingine kichwani. Mitumbwi ikigota, bei inasemwa kwa kelele. Ananunua dagaa wabichi, anawamwaga mchangani, anawatawanya kwa viganja kama mtu anayepangusa vumbi kwenye mkeka wa swala, pole pole, asiwakate vichwa. Hapo ni kusali jua liwake. Jua likiwaka siku nzima, jioni unazoa fedha. Mvua ikikukuta, unazoa uvundo. Kunguru, mbuzi, watoto, wote ni maadui. Mara nyingi nilimkuta saa nane mchana anatazama wingu dogo juu ya milima ya Kongo kama mtu anayemtazama mdeni wake.

Ninaeleza haya kwa sababu ya siku moja. Sikumbuki mwezi, ila ilikuwa 2014, giza nene, na dagaa waliingia kwa wingi ambao hatukuwa tumeuona muda mrefu. Siku hiyohiyo kulikuwa na upimaji wa bure wa saratani ya shingo ya kizazi kwenye kituo cha afya, gari la matangazo lilikuwa limepita mitaani siku mbili. Upimaji wenyewe ni jambo dogo: nesi anapaka siki kwenye shingo ya kizazi, anasubiri dakika, anaangalia kama pamegeuka pakawa peupe. Wenzake watatu walikwenda. Walimpitia. Alikuwa na ndoo arobaini mchangani na wingu lilikuwa linakuja kutoka ng'ambo. Akawaambia, "Nendeni, mtanipimia na mimi." Wakacheka wakaenda. Mmoja wao alikutwa na mabadiliko, akachomwa pale pale kwa baridi kali, hakulazwa hata usiku mmoja, na hadi leo yuko Mwanga, hapa hapa Kigoma, anauza mawese. Mama yako wingu lilimpita. Alipata faida nzuri sana. Ndiyo bati la nyumba hii unayoijua.

Alirudia kisa hicho mara nyingi akiwa mgonjwa, na hakuwa akilia. Alikuwa anapiga hesabu.

Damu ilianza mwishoni mwa 2016, wakati hedhi ilishakoma karibu miaka miwili. Akadhani imerudi. Wanawake wenzake wakamwambia hutokea. Kisha maji yenye harufu, kisha kiuno. Tulikwenda dukani, tukapewa vidonge vya yutiai, ugonjwa wa njia ya mkojo. Tulikwenda mahali pengine, tukapewa vidonge vilevile vya rangi nyingine. Mahali pa tatu walituchoma na sindano. Karibu mwaka mzima, na katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyesema: panda kitandani mama, nikuangalie. Nami sikusema pia. Na mganga tulikwenda, nisikufiche, akatuambia ni mke wa fulani ana kijicho. Tulimlipa.

Agosti 2017 ndipo daktari mmoja kijana, binti wa umri wa dada yako mkubwa, alimwangalia. Alitoka nyuma ya pazia akavua glavu, akaniita nje. Wakakata kinyama kikapelekwa kupimwa, majibu yakaja baada ya wiki kadhaa: kansa ya shingo ya kizazi, hatua ya tatu. Kwenye mizani ya hospitali alikuwa na kilo 66. Mwanamke niliyemuoa na 52, na baada ya watoto wanne akafika 74, na kila moja aliijivunia.

Wewe ulikuwa Tabora, kidato cha sita ndiyo kimeanza. Alisema usiambiwe. Hilo ni kweli, alisema, nami nilikuwepo. "Mtihani Mei. Akimaliza nitamwambia mwenyewe."

Oktoba tukapanda treni kwenda Dar, hospitali ya kansa ya Ocean Road. Ziwa letu likabaki nyuma, naye dirishani, akaniambia kwamba Wajerumani waliizamisha Liemba 1916 kwa mikono yao wenyewe, ikakaa chini ya maji miaka minane, ikaibuliwa 1924 na injini ikawaka. Alikuwa amesikia hayo kwa mabaharia. "Chuma kimekaa majini miaka minane," akasema, akapiga tumbo lake kidogo. Sikujibu. Nilikuwa nahesabu nauli.

Tulifika Tabora alfajiri. Unalijua lile jukwaa, treni za Mwanza na Mpanda zinavyounganishwa pale, kusimama kwake ni kurefu. Wauza asali walikuja na chupa zao dirishani. Kumepambazuka, baridi ya Tabora ile kavu, na kwa mbali tukasikia watoto wa shule wanakimbia mchakamchaka, wanaitikia. Sijui kama walikuwa wa shule yenu. Yeye aliamua kwamba ni nyinyi. Akashika nondo ya dirisha kwa mikono miwili na kusikiliza, midomo inacheza, anafuatisha kiitikio. Muuza asali akamwuliza, mama, nikupe ngapi? Akampa fedha bila kumtazama, akapokea chupa, akasahau chenji. Mama yako. Akasahau chenji. Ndipo nilipojua anaumwa.

Dar tulifikia Mbagala kwa binamu yangu. Mionzi siku 25, Jumatatu hadi Ijumaa, kila wiki siku moja na dripu ya dawa, na mwisho mionzi ya ndani, hiyo ndiyo aliyosema hatairudia hata kwa nyumba ya ghorofa. Kabla ya kuanza walimchora mistari mwilini kwa wino, akaambiwa asiifute akioga. "Wamenipiga alama kama gunia," akaniambia. Ukitoka pale Ocean Road bahari iko mbele yako, ng'ambo ya barabara tu. Siku ya kwanza alichota kwa kiganja akaonja, akatema. Hakuwahi kuiheshimu ile bahari. Maji mengi kiasi kile, akasema, na huwezi kupikia hata ugali. Alipopata nguvu alitaka twende Feri aone dagaa wa huko wanauzwaje, na tulikwenda, na aligombana na mtu kuhusu kipimo. Nilifurahi mno siku ile. Nilimwachia agombane.

Desemba ulikuja likizo ukamkuta shangazi yako peke yake. Akakuambia tulivyomfundisha: wazazi wako Dar, mzigo umekwama, mteja halipi. Ukapiga simu, ukasema basi kama mpo Dar nileteeni viatu vyeusi vya shule, hivi vimechanika. Mama yako alikwenda Kariakoo siku moja baada ya dripu. Nilimkataza. Alikaa chini mara tatu njiani. Alivipata, akavifunga kwenye gazeti na kuviweka chini ya mto.

Sasa nimefika.

Tulirudi Januari 2018. Treni ilichelewa kama kawaida yake, tukaingia Tabora usiku, saa tano. Abiria wengi wamelala. Nilikuwa nasinzia, nikafumbua macho nikamwona mama yako amesimama. Amejifunga khanga vizuri, amevaa baibui, mkononi ana mfuko na ndani ya mfuko vile viatu vyako. Nikamwuliza unakwenda wapi. Akasema, "Nashuka. Kuna gesti hapo nje. Asubuhi nitakwenda shuleni. Nimebadili nia, nataka nimwambie mwanangu."

Nilimshika mkono. Nikamwambia mtihani. Nikamwambia wewe mwenyewe ndiye uliyesema. Akasema, "Nilisema nikiwa na kilo 66." Alikuwa amebaki na 54. Akasema, "Mtoto wangu ana haki ya kuniona nikiwa bado naonekana." Sikumwachia mkono. Alikuwa dhaifu, mwanangu, ingetosha upepo kumrudisha kitini. Nilimvuta akakaa. Treni ikaondoka. Asubuhi yake hakusema neno mpaka Uvinza.

Na si kwamba nilikuwa nakulinda wewe. Kwa miaka yote hii nimejiambia hivyo. Ukweli ni kwamba niliogopa asubuhi ile. Nilijiona nimesimama kwenye ofisi ya shule, wewe umeitwa kutoka darasani, unaniuliza, baba, mama anaumwa nini? Na mimi nilitakiwa kulitamka, shingo ya kizazi, mbele ya binti yangu na mbele ya walimu. Nilijihisi mdomo utakauka. Ugonjwa ulimkata mke wangu vipande na mimi nilikuwa naona haya kuutaja jina.

Viatu nilivituma kwa mtu. Ukapiga simu kushukuru, ukasema vinabana kidogo kidoleni. Mama yako akasema, "Ningekuwepo ningempima mguu," akanipa simu akageukia ukutani.

Mengine unayajua kwa upande wako, nikueleze upande wetu. Aprili 2018 chanjo ya kukinga kansa hii ilianza kutolewa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14. Pale Kibirizi kukawa na maneno kwamba inafunga kizazi, kwamba watoto wetu hawatazaa. Mama yako alikuwa hajarudi kazini, lakini siku moja asubuhi alichukua bodaboda akaenda mwaloni. Mimi niliambiwa na wavuvi. Alisimama chini ya ule mti wa mizani yake, wanawake wakaja kumpa pole. Akawaambia: "Nilinuka miezi kumi. Mlikuwa mnahamia upande upepo unakotoka mkidhani sioni. Sikuwalaumu, hata mimi ningehama. Sasa nawaambia kilichokuwa kinanuka. Ni kansa ya kizazi, imeletwa na kirusi, na mabinti zenu wanaletewa kinga yake bure. Mnaogopa sindano itafunga kizazi? Changu kimefungwa na nini?"

Wapo waliopeleka mabinti kesho yake. Wapo waliowaficha, na mmoja aliyewaficha ni jamaa yetu. Siwezi kukwambia kwamba mwalo mzima uligeuka. Ila hakuna aliyewahi kusema namna ile pale, mchana, kwa sauti ya kunadi dagaa.

Maneno ya Kibirizi hupanda treni pamoja na magunia. Ndivyo ulivyoipata habari ya mama yako sokoni Tabora, Jumamosi, siku chache kabla ya mtihani, kwa mtu baki aliyekuwa anaeleza kwa nini siku hizi hakuna mzigo wa Mama Mizani. Ulifanya mtihani hivyohivyo na ukafaulu, nami sijui ulifanyaje, na sijawahi kukuuliza.

Uliporudi nyumbani ulikaa siku tatu bila kusema. Siku ya nne ukasema mbele yetu wote wawili, uani, wewe umeshika ufagio: "Mama aliwaamini wauza dagaa kuliko mimi." Nilikuwa nimekaa pale kwenye kigoda. Ingenitosha sentensi moja. Mama yako alinitazama, mara moja tu, kisha akakwambia, "Nisamehe, mwanangu. Nilikosea." Akalibeba. Kama alivyonificha kwa kisa cha ghala, alinificha na kwa hili, na mimi nilikaa juu ya kigoda changu nikamwacha.

Usiku ule niliwasikia mnacheka chumbani, unamsuka nywele zilizobaki. Nikajiambia limekwisha. Lakini kwenye hitma, baada ya mazishi, nilikusikia unamwambia shangazi yako, "Nilimsamehe, ila sikumwelewa kamwe." Hilo ndilo lililonikosesha usingizi mpaka leo. Mwanangu, hapakuwa na cha kumsamehe. Alisimama na viatu vyako mkononi. Wa kusamehewa ni mimi, na kama bado huwezi, sitalalamika.

Mwisho wake sitauandika kwa kirefu. Ulirudi, ugonjwa, baada ya wewe kwenda chuo. Figo. Morfini ya maji kwenye kichupa, kila baada ya saa nne, tulikuwa tunazihesabu na shangazi yako kwa alama za mkaa ukutani, bado zipo, nimekataza wasipake chokaa pale. Februari 2019 tulimpeleka hospitali mara ya mwisho, wakampandisha kwenye mizani. Nesi akasoma 41. Mama yako akafumbua macho, akanitafuta, akasema: "Inadanganya. Thelathini na nane."

Alifariki Machi, mwezi ukiwa mpevu, ziwa tupu, hakuna hata karabai moja. Wavuvi wote walikuwa nyumbani, ndiyo maana jeneza lilibebwa na watu wengi vile. Tulimzika baada ya adhuhuri, basi lako lilikuwa bado halijafika Kibondo. Kwenye daftari lake aliacha wadeni kumi na wanne. Kumi na mmoja walilipa. Watatu aliwasamehe kwa maandishi, na mmoja wa hao watatu ni jamaa yetu yule niliyemtaja.

Sasa mambo ya nyumbani. Kijana wa mjomba wako anakuja Dodoma na treni wiki ijayo, nimempa boksi. Ndani kuna dagaa, wa chanja, hawana mchanga, na dumu la lita tano la mawese. Shangazi yako anasema usimpe mumeo yote. Kuna khanga mbili za mama yako alizokuwa akizivaa mwaloni, zimefuliwa lakini ukizinusa vizuri utamjua. Kadi ya kliniki usiache hata mwezi mmoja. Na mtoto akifika miaka 9, siku hizi wanachanja kuanzia umri huo, sindano moja tu. Sitakuwepo pengine, ndiyo maana nimeiandika mapema. Wewe mwenyewe ukishatimiza 30 nenda ukapakwe hiyo siki, hata kama mvua inakuja.

Chini kabisa ya boksi, ndani ya gunia, nimeweka mizani. Nimeipiga mafuta. Nesi wenu ana ya kwake, najua, lakini nataka mtoto apimwe na hii walau mara moja, na unitumie namba. Kioo kina ufa, usikishike kwa nguvu. Springi imechoka, mshale haurudi kwenye sifuri, unasimama kwenye robo. Mama yako aliijua kasoro hiyo miaka mingi, ndiyo maana kila mteja alikuwa anamwongezea konzi moja juu. Kwa hiyo ukimning'iniza mtoto, soma, halafu toa robo.

Nisalimie mkwe wangu.

Ni mimi baba yako.